Udongo wa Bara, Wimbi la Malindi

Chota konzi ya mchanga wa Watamu, kisha chota nyingine kwenye ghuba ya Malindi, uzitazame juani pamoja. Ya Watamu ni nyeupe, kwa kuwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari kwa miaka isiyohesabika. Ya Malindi ni ya hudhurungi, nayo inametameta hata mgeni akadhani ameokota dhahabu. Si dhahabu. Ni ulanga, chembe za majabali ya bara zilizosafiri na Mto Sabaki hadi zikatua hapo. Fukwe hizi mbili zimeachana kwa mwendo mfupi tu wa matatu, lakini moja imetengenezwa na bahari na nyingine imetengenezwa na mto. Je, wajua kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni wapi mtu anaweza kujifunza kuteleza juu ya wimbi kwa ubao, na ni wapi atajiumiza bure?

Nimeanza na mchanga kwa sababu ya Kakuyuni. Kakuyuni haina ufuo. Ni wadi ya bara ya Malindi, kwenye njia inayotoka mjini kupitia Ganda kuelekea Jilore na Langobaya, na mbele kabisa hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Jina lake linamkumbusha msikiaji mkuyu, mti upendao kukaa karibu na maji, na maji yenyewe hayako mbali: Sabaki hupita jirani, mzito na mwekundu wakati wa mvua. Kijana aliyekulia huko ni rahisi kuamini kwamba mchezo wa mawimbi ni wa watoto wa mjini na wageni wa hotelini. Nataka kumwambia kwamba sivyo. Wimbi la Malindi lina sakafu yake, na sakafu hiyo imejengwa kwa udongo uliopita karibu na kwao. Anayetaka kujifunza mchezo huu na aijue sakafu hiyo kabla hajashika ubao.

Mto wenyewe una majina matatu. Huko juu, kwenye nyanda zinazozunguka Nairobi, huitwa Athi. Ukishapokea maji ya Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huwa Sabaki, na baada ya safari ya takriban kilomita 390 huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa kwenda Mambrui. Kila mwaka humwaga baharini mamilioni ya tani za udongo. Mzigo huo haukuwa mkubwa hivi tangu zamani. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, wakapima bariamu iliyohifadhiwa ndani yake tabaka baada ya tabaka, kwa maana bariamu husafiri pamoja na udongo wa mtoni. Tumbawe likatoa ushahidi: kwa muda mrefu udongo ulikuja kwa kiasi, kisha katika karne ya 20, misitu ilipofyekwa na mashamba kufunguliwa huko juu, ukaongezeka kupita kiasi.

Sasa tazama udongo huo unafanya nini. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, kutoka Diani hadi Kilifi na Watamu, imekingwa na ukuta wa miamba ya matumbawe. Ukisimama ufukoni unasikia ngurumo kwa mbali na kuona mstari mweupe. Wimbi limevunjikia huko, na upande wa ndani maji yametulia. Lakini tumbawe ni kiumbe hai. Linataka maji maangavu yenye chumvi, na jua lifike hadi chini. Mbele ya mdomo wa Sabaki halipati hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, iko kusini ya mji, mbali kidogo na tope, na ghuba yenyewe haina ukuta. Wimbi likija linakuja lote, mpaka mchangani. Na kwa sababu mto hauachi kuleta udongo, ghuba imejaa mafungu ya mchanga na ufuo umeendelea kupanuka, hata majengo yaliyokuwa karibu na maji leo yana uwanja mpana mbele yake.

Mafungu hayo ndiyo yanayomfaa mwanafunzi. Kuelewa kwa nini, inabidi tujue wimbi ni kitu gani.

Maji ya wimbi hayasafiri. Tazama kifuu cha nazi kinachoelea nje ya mahali mawimbi yanapovunjika: kinapanda, kinasogea mbele kidogo, kinashuka, kinarudi karibu na pale pale kilipokuwa. Kinachosafiri ni nguvu iliyotiwa na upepo huko mbali, na maji yanazunguka duara papo hapo kuipitisha. Duara hizo hupungua kadiri unavyozama, na zinapofika kina cha nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kingine huwa zimekwisha. Wimbi likiingia mahali ambapo kina ni kidogo kuliko hapo, sakafu ya bahari inaanza kulishika. Upande wa chini unachelewa, kilele kinaendelea na mwendo wake. Wimbi linafupika, linainuka, linachongoka, linapasuka.

Kuna hesabu moja ya kubeba kichwani. Wimbi hupasuka linapofika kwenye kina cha takriban mara 1.3 ya kimo chake. Lenye kimo cha mita 1 hupasukia penye maji ya mita 1.3. Kwa lugha ya mwili: wimbi linalokufika kiunoni linapasukia mahali ambapo maji yanafika kifuani. Kwa hiyo mtu aliyesimama nchi kavu anaweza kusoma ramani ya chini ya bahari bila kulowa. Palipo na povu ni pa kina kifupi, pana fungu. Pasipo na povu, kati ya povu na povu, kuna kina. Mstari huo wa pili nitaurudia, kwa sababu umeua watu.

Jinsi wimbi linavyopasuka nako kunategemea sakafu. Likigonga mwamba unaopanda ghafla, linajikunja na kuanguka kwa kishindo. Likipanda mteremko mrefu wa mchanga, kilele kinabomoka taratibu na povu linamiminika mbele yake kwa mwendo wa kusukuma. Ghuba ya Malindi ina sakafu ya namna hii ya pili. Kwa mtu ambaye bado hajui kusimama juu ya ubao, mawimbi ya kumiminika ndiyo mwalimu anayefaa. Ukianguka unaangukia mchanga, si miamba wala zile pepe nyeusi za miiba mirefu zinazojificha kwenye matundu yake.

Lakini mwalimu huyu ana majira. Kusi huvuma tangu Aprili mpaka Septemba hivi, ukitokea bahari kuu kusini-mashariki. Ni upepo ule ule uliokuwa ukianza Vasco da Gama alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na kabla Mei haijaisha alikuwa ameifikia India. Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu, bahari inachafuka, na mimi singempeleka mwanafunzi wa kwanza majini katika miezi hiyo isipokuwa asubuhi iliyotulia sana. Mwisho wa kusi, Septemba na Oktoba, hali ni ya upole zaidi. Kaskazi ikiingia, kati ya Novemba na Machi, mawimbi hupungua, lakini mkondo hugeuka na kuleta tope la Sabaki kusini, hadi mbele ya mji. Wakati wa kusi tope hilo huelekea Mambrui na kwingineko kaskazini.

Juu ya majira kuna maji kujaa na kupwa, na hapa mtu wa bara ana mengi ya kujifunza kwa wavuvi. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Kwenye sakafu iliyolala kama ya Malindi, bamvua huusogeza mstari wa povu mbali mno, mara uko huku, mara uko kule. Fungu ulilosimama juu yake saa mbili zilizopita sasa huligusi tena kwa mguu. Maji mafu hayana haraka hiyo.

Tena kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua bila kitabu. Siku za bamvua, pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne au saa tano. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi. Maana yake ni kwamba asubuhi ya maji mafu, tangu saa moja, maji yanapanda polepole huku upepo haujaamka. Maji yanayopanda hukurudisha ufukoni. Yanayokupwa hukuvuta nje. Kama ningeulizwa nichague saa moja tu ya kumfundisha mtoto wa Kakuyuni, ningechagua hiyo.

Ubao ni hadithi yenye historia ndefu. Wengi tunasikia habari za Hawaii, na ni kweli mchezo ulistawi huko kuliko kwingine kokote. Duke Kahanamoku, aliyeshinda dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ni Mhawaii aliyeutembeza duniani. Lakini Afrika nayo imo tangu zamani. Katika miaka ya 1640 Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliandika alichokiona Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo: wazazi wakiwafunga watoto kwenye mbao na kuwaingiza majini ili wajifunze kuogelea. Ni ushahidi kwamba mtoto Mwafrika, ubao na wimbi si mambo yaliyokutanishwa na utalii.

Ubao wa kale ulikuwa mti mtupu, mzito. Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake aliutia pezi chini, kama la samaki, na tangu hapo ubao ukaacha kuyumba na kuanza kutii. Miaka ya 1950 likaja povu gumu la viwandani badala ya mti. Anayeanza leo atafute ubao wa sponji laini, wa futi 8 au 9, mpana. Vijana wengi hutamani ule mfupi wenye omo (ncha ya mbele) lililochongoka kwa sababu ndio wanaouona kwenye video, na hapo ndipo wanapopotezea mwaka mzima. Ubao mrefu hubeba uzito wako kwa kuwa unasukuma maji mengi kando, na hushika wimbi dogo mapema. Tena ukikugonga kichwani, ulaini wake ni rehema.

Kamba inayofungwa mguuni isikosekane, maana humlinda kila aliye nyuma yako na ubao uliokuponyoka. Ila ikumbuke kamba hiyo kila unapoibuka. Mwaka 1971 Jack O'Neill wa California, mtu aliyejulikana kwa mavazi ya kuzuia baridi ya baharini, alipotewa na jicho la kushoto pale kamba ilipovutika na kuurudisha ubao usoni mwake. Ukianguka, anguka kibapa kwa mgongo au kwa makalio, usichomeke kichwa mbele. Penye fungu la mchanga maji ni mafupi na shingo ni moja. Kisha ibuka mkono ukiwa umefunika uso. Na unapotembea na ubao kuelekea nje, usiuweke kati yako na wimbi. Uweke ubavuni, omo likitazama baharini.

Kusimama, jambo linalowapa watu hofu kubwa, unaweza kujifunza uani kwenu, mbali na bahari. Chora umbo la ubao kwenye udongo kwa kijiti, na mstari wa katikati. Lala kifudifudi juu ya mstari. Weka viganja karibu na mbavu, inua kifua, kisha kwa pigo moja leta mguu wa mbele katikati ya mikono na ubaki umechuchumaa nusu, magoti yamekunjwa, macho yanatazama uendako. Mguu upi utangulie? Jaribu wa kushoto, jaribu wa kulia, mwili utakuambia. Rudia mara 20 kila jioni kwa wiki mbili. Atakayefanya hivyo atafika Malindi na nusu ya somo mwilini.

Majini, usiende nje kwenye mawimbi ambayo hayajapasuka. Sababu ni ya hesabu. Katika kina cha mita 1 wimbi husafiri kwa takriban kilomita 11 kwa saa. Mwanafunzi anayepiga maji kwa mikono hawezi kufika hata nusu ya mwendo huo, basi wimbi humpita chini na kumwacha. Povu la wimbi lililokwisha kupasuka ni jambo jingine: hapo maji yenyewe yanasafiri, na yanakusukuma utake usitake. Simama penye maji ya kiunoni, geuza omo lielekee ufukoni, lala juu ya ubao povu likiwa bado hatua chache nyuma yako, piga maji mara tatu nne. Omo likizama, umelala mbele mno, rudi nyuma kidogo. Tezi, yaani nyuma ya ubao, likizama na ubao ukakataa kwenda, sogea mbele. Siku ya kwanza usisimame kabisa. Teleza ukiwa umelala mpaka uujue ubao kama unavyoijua baiskeli.

Sasa nirudi kwenye ule mstari usio na povu. Maji yanayorushwa na mawimbi juu ya fungu lazima yarudi baharini, nayo hutafuta pengo kati ya fungu na fungu. Pengo hilo huwa mkondo unaoelekea nje. Kwa macho ya mgeni ndipo panapoonekana salama, pametulia, pana rangi ya giza kidogo, hapana wimbi. Wengi huchagua kuogelea hapo hapo. Mkondo ukiwa na nguvu huweza kumshinda hata mwogeleaji hodari, na wanaokufa hufa kwa kushindana nao mpaka pumzi inawaishia. Ukishikwa, usiuache ubao; ni chelezo chako. Usielekee ufukoni. Piga maji kwenda kando, sambamba na pwani, mpaka ufike palipo na povu, kisha uache povu likurudishe.

Mambo mawili ya Malindi peke yake. La kwanza, usicheze karibu na mdomo wa Sabaki hata kama mawimbi yake yanapendeza. Kuna viboko na mamba, mkondo wa mto hausemezeki, na maji ya tope yanawafaa papa wapendao midomo ya mito. Mvua ikiwa imenyesha bara na bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kaa nchi kavu. La pili, samaki waitwao taa hulala wamejifukia kwenye mchanga kama huu. Tembea ukiburuta nyayo, usizinyanyue. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe, lakini akikanyagwa huchoma kwa mwiba wenye sumu.

Yapo pia maneno ya kuwaambia watu wazima wa Kakuyuni. Mto wenye mamba si mahali pa kujifunzia kuogelea, na kwa hiyo watoto wengi wa bara ya Malindi hukua jirani na maji bila kuyajua maji. Ubao haufundishi kuogelea. Kamba hukatika. Asiyeweza kuogelea mita 200 bila kusimama, na kuelea chali kwa dakika 10 bila kupapatika, asipewe ubao kwanza; afundishwe kuogelea. Walimu wa michezo, viongozi wa vijana, wazazi wenye ndugu mjini: wapelekeni watoto baharini maji yakiwa shwari, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji pamoja nao. Bahari ya Malindi iko karibu nao mno kuwa kitu cha kutazama tu.

Na wewe kijana unayetaka kuanza, usiende na ubao safari ya kwanza. Subiri mwezi mpevu, ufike ghubani mnamo saa nne au saa tano asubuhi maji yakiwa yamekupwa, utembee juu ya mafungu kwa miguu yako. Yaone mapengo, yaone madimbwi, jua fungu linaanzia wapi na linaishia wapi, uokote konzi ya ule mchanga unaometameta. Rudi nyumbani. Baada ya wiki moja mwezi utakuwa nusu; panda gari la alfajiri, na saa moja asubuhi uwe majini, kiunoni tu, juu ya fungu lile lile ulilolikanyaga.